Uzi kwa wanaopiga kura ya kitaifa kwa mara ya kwanza: anza na jina lako kabla ya mgombea

Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Kila uchaguzi ukikaribia naona vijana wakiuliza nani apewe nchi. Ni swali zuri. Ila kuna swali linalotangulia ambalo mimi sikuuliza, na nililipia miaka mitano. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Uchaguzi wangu wa kwanza sikupiga kura. Sikugoma wala sikuumwa. Niliamka saa kumi alfajiri, nikavaa nguo ya heshima, nikafika kituoni watu hawajazidi thelathini. Kadi ninayo mfukoni. Mgombea wangu nimeshaamua miezi mitatu nyuma, sera zake nazijua kuliko wapambe wake. Kulipopambazuka tukaambiwa kila mtu akatafute jina lake kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Nikaanza na herufi yangu, nikashuka na kidole jina kwa jina. Nikarudi juu, nikashuka tena. Mzee mmoja pembeni yangu alilipata lake, akaligusa mara mbili kwa ncha ya kidole, kisha akaenda zake kwenye foleni. Mimi nikabaki ukutani.

Jina halikuwepo. Nilijiandikisha nikiwa naishi kwingine, nikahama, taarifa zangu sikuzihamisha. Daftari lilipowekwa wazi watu wahakiki majina, tangazo nililisikia kwenye redio kwa masikio yangu haya, nikajisemea: kadi si ninayo? Karani aliniambia kwa upole kwamba kituo changu ni kilekile nilichojiandikishia, na kilikuwa mbali, nisingefika kabla ya kufungwa. Nikarudi nyumbani na kidole kisicho na wino. Jioni watu wananionyesha vidole vyao, mimi nimeficha wangu mfukoni.

Kwa hiyo ninachotaka kuwaambia ni hiki: kura nyingi za mara ya kwanza hupotea kabla ya siku ya kura. Kadi peke yake haitoshi. Kadi inasema wewe ni nani, daftari ndilo linalosema una haki ya kupiga kura na utaipigia wapi. Zipo nchi kama Ujerumani na Sweden ambako serikali inakuingiza yenyewe kutokana na kumbukumbu za wakazi. Lakini nchi nyingi, zikiwemo Tanzania na Kenya, lazima uende mwenyewe, na uandikishaji hufungwa siku nyingi kabla ya uchaguzi. Ukishafungwa, hata msimamizi akikuonea huruma hana la kukufanyia.

Orodha ikibandikwa nenda kajitazame. Tahajia ya jina, namba ya kadi, tarehe ya kuzaliwa, jina la kituo. Kama kuna kosa, hicho ndicho kipindi chake cha kurekebisha.

Mara ya pili sikukubali. Nilihamisha taarifa mapema, nikaenda kuhakiki, nikaandika kwenye kikaratasi jina la kituo na mahali jina langu lilipo kwenye orodha. Siku ilipofika sikumaliza hata dakika tano ukutani.

Ndani mambo ni mafupi kuliko unavyodhani. Karani mmoja alikagua kitambulisho, akasoma jina langu kwa sauti ili mawakala wa vyama waliokaa kwenye benchi walitafute kwenye nakala zao. Mwingine akachana karatasi ya kura kwenye kitabu chake, kishina kikabaki, akagonga mhuri nyuma. Nikaingia kwenye kituturi, yaani pale pa faragha pa kuwekea alama. Kilikuwa boksi gumu lililosimamishwa juu ya meza, na kalamu imefungwa kwa kamba fupi, ukiandika unahisi mkono unavutwa. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Nikaiweka kalamu chini, nikavuta pumzi, nikasoma karatasi yote kuanzia juu hadi chini, hata majina ya wale ambao sikuwa na mpango nao. Ndipo nikaweka alama.

Na hili hakuna aliyewahi kuniambia: subiri wino ukauke, kisha kunja karatasi kwa namna ambayo alama yako haitagusana na kisanduku cha mgombea mwingine. Wino mbichi ukihamia upande wa pili, anayehesabu usiku anaona alama mbili. Wasimamizi hufundishwa kuitambua alama iliyohamia, lakini kwa nini umwachie mtu mwingine kazi ya kukisia nia yako?

Ukikosea, usijirekebishe kwa kalamu. Irudishe kwa msimamizi kabla haijaingia kwenye sanduku, uombe nyingine. Nchi nyingi sheria inaruhusu, ile iliyoharibika inafutwa na kuwekwa kando.

Msidhani nakuza mambo. Mwaka 2017 katika jimbo la Virginia, Marekani, walichagua baraza la wawakilishi la jimbo. Kwenye eneo la uchaguzi namba 94 kura zilihesabiwa upya, mgombea mmoja akaongoza kwa kura moja. Ikaletwa mbele ya majaji karatasi moja tu: mpiga kura alikuwa amejaza duara za wagombea wote wawili, halafu akapiga mstari juu ya moja. Majaji wakasema nia yake inaonekana, wakaihesabu. Ikawa 11,608 kwa 11,608. Januari 2018 mshindi akapatikana kwa kuchomoa jina kwenye bakuli. Baraza lile lina viti 100, na kiti hicho kimoja ndicho kilichoamua kama chama kilichokuwa na wingi kitabaki nao au watakaa 50 kwa 50. Yote hayo kwa sababu mtu alikosea ndani ya kituturi, akajirekebisha mwenyewe badala ya kuomba karatasi nyingine.

Naomba kuwasilisha. Mwenye swali aulize, na waliowahi kusimamia vituo waje watusaidie.

Binti Mdadisi

Asante sana kwa uzi huu, dada. Mimi ndiyo mara yangu ya kwanza, nimetimiza miaka 18 mwaka jana. Nina hofu moja naona aibu hata kuisema. Nyumbani kwetu wote ni wa chama kimoja, mimi moyo wangu uko kwingine. Wanaweza kujua nimempa nani? Rafiki yangu anasema karatasi zina namba, kwa hiyo wakitaka wanajua.

Kalamu Nyeusi

Usione aibu mdogo wangu, hofu hiyo ni ya watu wengi sana, wazima kabisa.

Namba kwenye kitabu cha karatasi kazi yake ni hesabu: kituo kilipokea karatasi ngapi, zimetumika ngapi, zimebaki ngapi, ili isiongezwe hata moja kutoka nje. Nchi nyingi karani haruhusiwi kuandika popote kwamba karatasi namba fulani kapewa fulani. Uingereza wanaandika, lakini orodha hiyo inafungwa kwa lakiri na haifunguliwi mpaka mahakama iamuru. Na karatasi yako ikishaingia kwenye sanduku inachanganyika na za wengine wote, imekunjwa kama zao na ina mhuri uleule.

Hofu yako ndiyo iliyozaa kura ya siri. Zamani Uingereza mpiga kura alisimama mbele ya watu akalitaja kwa sauti jina la anayemtaka, na karani akaandika kitabuni. Mwenye nyumba wako yupo, mwajiri wako yupo, wote wanasikiliza. Makoloni ya Victoria na South Australia kule Australia ndiyo yaliyoanza, mwaka 1856, kutumia karatasi inayochapishwa na serikali yenyewe, yenye majina ya wagombea wote, ambayo mpiga kura anaijaza faraghani. Uingereza ikafuata mwaka 1872. Leo Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 21, linataja kura ya siri waziwazi.

Wakikuuliza nyumbani umempa nani, huna deni la kumjibu mtu. Unaweza kusema "nimepiga", ukanyamaza.

Fundi Saa

Mimi nitasema ukweli wangu bila kumkera mtu. Nimepiga kura mara mbili. Mamilioni ya watu wanapiga, kwangu mimi nikienda au nisipoenda aliyepangiwa kushinda atashinda tu. Hesabu ni hesabu.

Mzee wa Kumbukumbu

Kijana wangu Fundi, nakuelewa, na sitakulaumu. Ila naomba nikupe kisa cha huku kwetu kwenye Kiswahili, usiishie kwenye Virginia.

Januari 1961 Zanzibar walipiga kura kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa 22. Kiti cha Chake Chake, Pemba, chama cha Afro-Shirazi walikipata kwa tofauti ya kura moja. Moja. Kwa kiti hicho wakafikisha 10, na vyama vingine viwili, ZNP wakawa na 9, ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili upande mmoja na mmoja upande wa pili, ikawa 11 kwa 11, serikali ikashindwa kuundwa, ikabidi nchi irudi kwenye uchaguzi mwezi Juni mwaka uleule. Chukua kura ile moja ya Chake Chake uiweke upande wa pili, na hesabu yote inabadilika. Sijui aliyeipiga ni nani, labda hata yeye hakuwahi kujua kuwa ni yeye.

Kalamu Nyeusi

Mzee, shikamoo. Kisa hiki nilikuwa sikijui, asante.

Fundi, mimi sitakudanganya kwamba kura yako moja itamweka rais madarakani. Kwa urais hilo karibu halitokei, ingawa Florida mwaka 2000 tofauti ilikuwa kura 537 katika karibu milioni sita, na Ghana mwaka 2008, duru ya pili, ilikuwa chini ya 41,000 nchi nzima. Mimi nina sababu nyingine mbili.

Kwanza, siku hiyo hupigi ya rais peke yake. Kenya unapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake wa kaunti, na mwakilishi wa wadi. Tanzania Bara ni tatu: rais, mbunge na diwani. Ukishuka huku chini wapiga kura ni wachache na tofauti inakuwa ndogo, na huyu wa chini ndiye anayeamua barabara yako ipite wapi na zahanati ipate nini. Mtu anasoma sera za wagombea urais miezi sita, halafu karatasi ya diwani anaiwekea alama kwa kubahatisha. Inaniuma sana hiyo.

Pili, matokeo yakitoka vyama vinakaa chini kuchambua ni wapi watu walijitokeza na wapi hawakujitokeza. Mahali ambapo vijana hawapigi kura, mgombea wa safari ijayo haoni sababu ya kwenda kuwasikiliza. Umeshindwa hata kuhesabiwa kama mtu wa kubembelezwa.

Karani wa Zamani

Salaam wakuu. Nimewahi kuwa karani wa kituo, chaguzi tatu. Mleta uzi amesema mengi sawasawa, mimi niongeze ya usiku, maana wapiga kura hawayaoni.

Kituo kikifungwa (aliyekwishakuwa kwenye foleni wakati wa kufunga anapiga, msije mkaondoka mkidhani mmechelewa), sanduku linafunguliwa mbele ya mawakala. Msimamizi anachukua karatasi moja moja, anaikunjua, anainyanyua juu na kuigeuza ili kila wakala aione, anasoma jina, anaiweka kwenye fungu lake. Pembeni kuna fungu la zilizoharibika. Fungu hilo ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi.

Zinazoingia pale ni zilezile kila mwaka. Alama kwa wagombea wawili. Karatasi tupu. Alama iliyowekwa katikati ya mstari, hujui ni ya wa juu au wa chini. Halafu kuna iliyonigusa kuliko zote. Alama ilikuwa safi, ndani ya kisanduku, haina shaka yoyote. Chini yake mpiga kura aliandika jina lake kamili, majina matatu, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyejitahidi. Nadhani alitaka ijulikane kwamba amefika. Msimamizi akaigeuza, akaitazama muda mrefu, akasema, "Hii haihesabiwi." Mawakala wote wakakubali, hata wa yule mgombea aliyepigiwa.

Binti Mdadisi, zingatia hapa. Usiandike jina, usiweke sahihi, wala namba ya kadi. Karatasi inayoweza kumtambulisha mpiga kura inakataliwa kwa makusudi.

Jirani Mwema

Karani, kwa nini lakini? Mtu kaandika jina lake mwenyewe kwa hiari yake, siri ni yake, ameitoa. Naona kama ni kumwonea.

Karani wa Zamani

Swali zuri mkuu. Siri ya kura si yako peke yako ndiyo maana huwezi kuitoa. Chukulia mtu anakununua. Anakupa pesa leo, anataka uthibitisho kesho. Kama karatasi yenye jina ingekubalika, angekuambia "weka jina lako chini", na wakala wake aliyekaa pale usiku angeiona ikinyanyuliwa. Jina lako lingekuwa risiti. Sheria ikikataa risiti zote, mnunuzi anabaki gizani, hajui kama ulimpa au hukumpa, na biashara yenyewe inakosa maana. Simu nayo hukatazwa kwenye kituturi nchi nyingi kwa sababu hiyohiyo. Picha ya karatasi iliyotiwa alama ni risiti.

Jirani Mwema

Sasa nimeelewa. Na naomba niseme lililonifanya niulize. Kuna watu wanapita mtaani kwetu wanaandika namba za kadi za wapiga kura, wanatoa chochote kidogo, na wanasema "tutajua tu mlimpa nani". Mama yangu ameingia hofu, anasema bora awape wanachotaka asije akapata matatizo.

Kalamu Nyeusi

Mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba hawatajua. Wanachouza ni hofu, hawana kingine. Namba ya kadi haifungui sanduku. Akiwa ndani ya kituturi yuko peke yake, na hata kama alipokea walichompa, hadaiwi chochote pale ndani. Asiwape kadi yenyewe washike, hata kwa dakika moja, maana kuna wanaokusanya kadi ili watu wasipige kabisa. Kununua kura ni kosa la jinai, taarifa inapelekwa polisi au kwa tume ya uchaguzi, ingawa najua si kila mahali mtu anaona ni salama kwenda. Kama si salama, basi mama atulize moyo tu na afanye lake ndani.

Mama wa Wawili

Mimi niulize la kawaida. Nina mtoto anayenyonya, na mama mkwe macho hayaoni tena vizuri. Tutapanga foleni saa nne nzima?

Karani wa Zamani

Hapana mama. Wajawazito, wanaonyonyesha, wazee, wagonjwa na wenye ulemavu wanapewa kipaumbele. Ukifika mwambie anayeongoza foleni, usinyamaze ukisubiri akuone.

Mama mkwe ana njia mbili. Nchi kadhaa zina kifaa chenye nukta nundu kinachowekwa juu ya karatasi, anapapasa na kuweka alama mwenyewe. Ikiwa hasomi nukta nundu, anaingia na mtu aliyemchagua yeye. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 29, unampa haki hiyo ya kumchagua msaidizi. Asikubali kusaidiwa na wakala wa chama. Na wewe ukiwa msaidizi wake, unaweka alama anayosema yeye, hata kama ni ya mgombea usiyempenda.

Msomaji Kimya

Nina miaka 41 na sijawahi kupiga kura hata mara moja. Nimesoma uzi huu tangu asubuhi. Naona aibu kwenda kupanga foleni na watoto wa miaka 18 halafu niulize kalamu inashikwaje.

Mzee wa Kumbukumbu

Karibu ndugu yangu, na asante kwa kusema.

Nelson Mandela alipiga kura ya kitaifa kwa mara ya kwanza tarehe 27 Aprili 1994, kwenye shule ya Ohlange, Inanda, Afrika Kusini, akiwa na miaka 75. Askofu Desmond Tutu alikuwa na 62. Foleni za siku zile zilikuwa na bibi na wajukuu wao, wote mara ya kwanza, kwa kuwa waliokuwa Weusi sheria iliwanyima wote kwa pamoja. Karibu kura milioni 19.7 zilipigwa. Miaka 41 bado kijana.

Na kuuliza si aibu. Kila nchi imelazimika kutafuta namna ya watu wake. Tanzania mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa ubunge katika jimbo walipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Gambia wametumia gololi: unapewa moja, unaidondosha kwenye pipa lenye rangi na picha ya mgombea wako, na ndani mna kengele inayolia mara moja. Ikilia mara mbili kila mtu anajua kuna aliyezidisha. Alama za vyama na picha za wagombea unazoziona kwenye karatasi leo ni msaada wa namna hiyohiyo.

Fundi Saa

Nimesoma majibu yote. Hili la diwani limenikaa. Ni kweli safari zile mbili diwani nilimpa tu wa chama kilekile, hata sura yake sikuijua. Swali langu la mwisho: nikienda na nikakuta hakuna anayenifaa? Niache tupu?

Kalamu Nyeusi

Ukiacha tupu inaingia kwenye lile fungu la Karani, imechanganyika na za waliokosea, hakuna atakayejua kwamba ulikuwa na ujumbe. India tangu 2013, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu, mashine ya kura ina kitufe cha mwisho kinachosema hakuna kati ya hawa, na wanaokibonyeza wanatangazwa idadi yao. Huko nchi ambazo hazina kitu hicho, mimi binafsi naenda kwa aliye afadhali. Nimewahi kumpa mtu kura nikiwa na mashaka naye asilimia arobaini, kwa kuwa mwenzake nilikuwa na mashaka naye tisini. Wapo wasiokubaliana nami na nawaheshimu, mradi wawe wamesoma majina yote kwanza.

Jirani Mwema

Na tukishapiga, tukae kulinda kura au turudi nyumbani?

Karani wa Zamani

Ukishapiga fuata sheria ya nchi yako, nyingi zinataka uondoke eneo la kituo. Kura zinalindwa na mawakala na waangalizi, ndiyo kazi waliyoapa. Lako wewe raia liko baadaye. Hesabu ikiisha, fomu ya matokeo ya kituo inasainiwa na mawakala, wanapewa nakala, na nyingine inabandikwa kituoni. Nenda ukaisome. Kilichoandikwa pale ndicho kinachotakiwa kuonekana kwenye majumlisho ya juu.

Malawi waliona thamani yake. Uchaguzi wa rais wa Mei 2019 ulifutwa na mahakama tarehe 3 Februari 2020, na miongoni mwa kasoro ni fomu za matokeo zilizopakwa wino mweupe wa kufutia na kuandikwa tarakimu nyingine juu yake. Wakarudia Juni 2020, mshindi akawa mwingine.

Mama wa Wawili

Na wino wa kidoleni je? Mwanangu ananyonya vidole vyangu, usije ukamdhuru.

Karani wa Zamani

Wino huo una nitrati ya fedha, ukipigwa na mwanga unakuwa mweusi na hautoki kwa sabuni. Kwenye ngozi unakaa siku kadhaa hadi wiki chache, kwenye ukucha mpaka ukucha wenyewe ukue nje. Uache ukauke kabisa, na mtoto usimwachie kidole hicho akakinyonya. Mpe mkono mwingine.

Binti Mdadisi

Nimerudi jamani. Leo nimekwenda kuhakiki kama dada alivyosema. Jina langu lipo! Nimelitafuta kwa kidole hivyohivyo, nikalikuta karibu na mwisho wa ukurasa. Ila mwaka wa kuzaliwa wameuandika vibaya, unaonyesha bado sijafika 18. Nimeenda kwa mwandikishaji na cheti changu, amejaza fomu ya marekebisho, nimepewa kipande cha karatasi chenye mhuri. Kasema orodha ya mwisho itabandikwa baadaye.

Kalamu Nyeusi

Afadhali umeliona leo, mdogo wangu. Kingekuwa kilio siku yenyewe. Kipande hicho kipige picha na chenyewe ukitunze pamoja na kadi. Orodha ya mwisho ikibandikwa rudi, uangalie mwaka peke yake, jina ulishaliona. Ukikuta bado hawajarekebisha, nenda na hicho kipande siku hiyohiyo, usingoje kesho. Ukishapata jibu tuandikie hapahapa.

Msomaji Kimya

Kituo changu cha kuandikisha kinafungua saa mbili. Kesho naenda.